Klia Imekataa Kwa Ndai Yako? Soma Doa Kwanza Kabla Hujashika Msasa

Ndai inaingia gereji ikiwa na mkwaruzo mmoja tu mlangoni. Wiki moja baadaye inatoka na mlango mzima una vitobo kama uji unaochemka. Mwenye gari anasema fundi ni mkora. Fundi anasema klia ilikuwa feki. Jamaa wa duka la rangi anasema hao wote wawili hawajui kuchanganya. Kelele inaanza, doh inazuiliwa, na hakuna hata mmoja ameinama akaliangalia doa lenyewe.

Na doa huwa linasema kila kitu. Umbo lake, mahali lilipokaa na saa lilipotokea ndivyo vitu vitatu vinavyokuonyesha kosa lilifanyika wapi: kwa kusafisha, kwa kuchanganya, kwa kompresa, kwa mkono wa fundi au kwa haraka ya mwenye gari. Ukijua kusoma hayo, iwe wewe ni fundi wa Kirinyaga Road, kijana anayeanza Kariobangi Light Industries ama msee tu ana Probox yake, hautalipia kazi moja mara mbili.

Kwa wale wageni: klia ni lile tabaka la mwisho lisilo na rangi, linalopigwa juu ya besi. Besi ndiyo inaleta rangi, klia inaleta mng'ao na kukinga rangi isiliwe na jua. Mikono miwili ya klia ikikauka huwa na unene wa kama maikroni 50 hadi 60, karibu sawa na unywele wako mmoja. Ndiyo maana haina huruma. Kitu kidogo sana kikiwa chini yake kitaonekana.

Kitu cha kwanza kabisa, na hapa ndipo wengi wanachomea: ukiona mambo yameanza kuharibika, usiongeze mkono mwingine ukidhani utafunika. Karibu kila doa utakalosoma hapa chini linazidi kuwa baya ukiongeza klia juu yake ikiwa bado mbichi. Weka spreigani chini. Angalia.

Anza na kikombe

Klia nyingi za gari siku hizi ni 2K, yaani zinakuja mikebe miwili: klia yenyewe na hadena. Hazikauki kwa thina kuruka tu. Hadena inashikana na klia na kuunda kitu kimoja kigumu. Kama mkebe unasema 2 kwa 1, ni sehemu mbili za klia kwa moja ya hadena. Kuna za 4 kwa 1 pia. Hadena ikipungua, klia inabaki laini na kucha inaacha alama hata baada ya siku nyingi. Ikizidi, inakuwa kavu kama biskuti na inapasuka baadaye. Kupima kwa jicho ama kwa kifuniko cha soda ni kucheza kamari na mali ya wenyewe. Vikombe vya plastiki vyenye mistari vipo madukani, na hata fimbo ya kupimia inatosha.

Halafu hii ya thina. Ile thina ya kawaida ya rangi za NC mara nyingi huwa imechanganywa na alkoholi. Alkoholi inakimbilia hadena kabla klia haijaifikia, na hapo nguvu ya hadena inaisha. Klia itang'aa jioni, kesho imefifia, na mwezi ukiisha bado ni laini. Ukisikia fundi anasema "thina ni thina tu", buda, chukua funguo zako.

Na tukiwa bado kwa hadena: ndani yake kuna isosayaneti. Hiyo kitu inaleta pumu ya kazini, na ikishakushika, hata kiasi kidogo sana kinaweza kukuziba kifua siku nyingine. Barakoa ya kitambaa au ile ya karatasi ya hospitali haizuii chochote hapa. Barakoa yenye katriji ya mivuke ya rangi ni afadhali mara mia kuliko hakuna, ingawa kinga kamili ni ile inayoletewa hewa safi kwa bomba. Glavu na miwani pia, kwa sababu inapitia ngozi. Mafundi wengi wanajua kikohozi cha jioni baada ya kupiga klia. Wanakiita vumbi, lakini siyo vumbi.

Vitobo vya duara vinavyotokea papo hapo

Umepiga mkono wa kwanza, na ndani ya sekunde chache klia inakimbia sehemu fulani na kuacha shimo la duara, kingo zake zimeinuka, besi inaonekana katikati. Wengine huyaita macho ya samaki, na kweli yanafanana.

Hayo ni mafuta. Mara nyingi ni silikoni, ile iliyo kwa dawa ya kung'arisha tairi, polishi ya dashibodi na nta za kaosha. Klia haiwezi kukaa juu ya silikoni, kama vile maji hayakai juu ya sufuria yenye mafuta. Na silikoni husafiri. Msee akipuliza tairi polishi kwa gari la jirani, upepo ukiwa kwako, umeisha.

Sasa angalia vitobo vimekaa wapi. Vikiwa karibu na matao ya magurudumu, kwa kishikio cha mlango au sehemu moja ambayo mtu alishika baada ya kula chipo, uchafu ulikuwa kwa bodi na kosa ni la usafishaji. Vikiwa vimetawanyika kila mahali, hata kwa kipande cha bati safi ulichopiga cha kujaribu, basi mafuta yanatoka kwa kompresa. Hakikisha hivi: funga rangi, puliza hewa tupu kwa kioo safi kama dakika moja. Kioo kikipata ukungu wa mafuta au matone ya maji, umempata mwizi.

Kusafisha kwenyewe kuna njia yake. Gari linaoshwa kwa maji na sabuni kabla msasa haujaguswa, kwa sababu ukipiga msasa juu ya nta unaisukuma ndani ya mikwaruzo. Kisha dawa ya kuondoa mafuta, kwa vitambaa viwili: kimoja kinapaka, cha pili kikavu kinafuta kabla dawa haijakauka yenyewe. Ukiiacha ikauke, mafuta yanarudi pale pale yalipokuwa. Petroli siyo dawa ya kusafishia, ina vitu vyake inavyoacha nyuma.

Vikishatokea vichache na vidogo, simama, acha klia ishike kidogo, halafu piga vumbi jepesi la klia juu yake mara mbili tatu ukipumzika katikati, ndipo upige mkono wa kawaida. Hii ni moja ya zile nafasi chache ambapo kuongeza kunasaidia, na haisaidii kila mara. Vikiwa vingi, acha ikauke kabisa, piga msasa mpaka pawe sawa, safisha upya, rudia. Kuna matone ya dawa yanayouzwa ya kuzuia haya macho. Yanafanya kazi, lakini yenyewe ni silikoni, na spreigani yako na gereji yako zitabaki nayo. Ningeyaacha mpaka njia zote ziishe.

Vitundu vya sindano vinavyokuja baadaye

Hivi watu huvichanganya na macho ya samaki, na dawa yake ni tofauti kabisa. Vitundu vya sindano ni vidogo sana, huja klia ikiwa inakauka, na hupenda boneti na paa, mahali klia hukaa nzito. Ukigusa unasikia vipele.

Kilichotokea ni hiki. Uso wa klia ulikauka kwanza na kufunga kama ngozi ya maziwa, huku thina bado iko chini. Thina inatafuta njia, inatoboa. Sababu ni mkono mzito, haraka kati ya mkono na mkono, thina ya kukauka haraka siku ya joto, au ile tabia ya kusukuma gari juani dakika kumi baada ya kupiga ili "ikauke chap chap". Hiyo ya mwisho ndiyo imeua boneti nyingi Nairobi. Bati lililokaa juani saa saba mchana ni moto. Ukiweka mgongo wa mkono na hautulii hapo, klia pia haitatulia.

Kati ya mkono na mkono, subiri dakika 5 hadi 10 hali ya hewa ikiwa ya kawaida, zaidi kukiwa baridi. Saa yako isikudanganye: gusa klia iliyoangukia tepu, siyo gari. Ikivuta nyuzi kama asali, ngoja. Ikinata tu bila nyuzi, endelea.

Vitundu hivi havitolewi kwa kompaundi. Kompaundi inajaa ndani yake, inakauka nyeupe, na gari jeusi linaonekana limenyunyiziwa chumvi. Unaacha klia ikomae, unapiga msasa mpaka mashimo yaishe, mara nyingi unafika hadi kwa besi, na unapaka tena. Kama vitundu viko sehemu moja tu, pale palipokuwa na puti, usilaumu klia. Hiyo ni puti iliyokuwa na hewa na haikuzibwa kabla ya praima.

Ganda la chungwa na machozi

Hawa ni ndugu wawili wanaokimbiana. Klia ikifika kwa bati ikiwa kavu au matone yake yakiwa makubwa, haitandazi, na uso unakuwa kama ganda la chungwa. Ikifika nyingi sana, inatiririka machozi.

Chungwa linaletwa na presha ndogo, klia nzito, kusimama mbali ama kupita mbio. Kwa klia, wengi hutumia nozeli ya milimita 1.3 au 1.4, na spreigani za HVLP nyingi hutaka kama baa 2 za presha ukiwa umebonyeza kifyatulio. Kupima ukiwa hujabonyeza kunakupa namba ya uongo. Umbali ni sentimita 15 hadi 20, na kila mpito ufunike nusu ya ule wa kwanza au zaidi kidogo.

Kuna dalili moja ya kompresa ndogo ambayo inanifurahisha kwa vile haikosei: nusu ya kwanza ya boneti ni kioo, nusu ya pili ni chungwa. Fundi hakubadilisha chochote. Ni tangi liliisha hewa katikati ya kazi. HVLP inakula hewa nyingi sana, na kale ka-kompresa ka kujaza tairi hakawezi.

Mwenye gari naye asikie hili. Magari mengi yetu huja yametumika Japani, na rangi ya kiwandani yenyewe ina chungwa dogo. Simama upande wa taa, linganisha na mlango wa pili ambao haujaguswa. Kazi nzuri ni ile inayofanana na jirani yake. Ukidai kioo kwa mlango mmoja, utapata gari lenye mlango mmoja wa ajabu.

Machozi hutokea chini ya milango, kwa kingo na pale fundi anapogeuza mkono bila kuachilia kifyatulio. Bati baridi pia huyaleta. Yakianza, usifute kwa kidole! Yaache yakauke kabisa, siku moja au zaidi, kwa sababu chozi ni nene na ndani lina ubichi. Ukiwahi, msasa unang'oa mpira. Yakishakomaa, bandika tepu pande zote mbili, kwangua kilele kwa wembe polepole, halafu msasa wa maji nambari 1500 ukiwa umeshikwa na kipande kigumu, kisha 2000, 3000, na kompaundi.

Ukipiga msasa wa maji, angalia yale maji. Yakiwa meupe, bado uko kwa klia. Yakianza kuwa na rangi ya gari, simama hapo hapo. Umeitoboa klia na umefika kwa besi, na hakuna kompaundi itakayokuokoa.

Ukungu wa maziwa, na mng'ao unaokufa

Thina ikiruka inapoza bati. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji yanatua juu ya klia mbichi kama yanavyotua kwa chupa ya soda baridi, na uso unakuwa na weupe wa maziwa. Klia za NC ndizo zinapata haya zaidi. Kwa 2K, maji yanaenda kusumbua hadena, na unapata wingu ama viputo.

Ndiyo maana kupiga klia Limuru asubuhi ya Julai kuna ukungu ni noma. Nairobi Juni hadi Agosti subiri joto lipande, na misimu ya mvua usikimbizane na wingu. Mombasa shida ni nyingine: unyevu uko na joto liko, kwa hivyo thina ya haraka inapoza bati ghafla na kuvuta maji. Huko thina ya polepole ndiyo rafiki. Na popote ulipo, fungua koki ya chini ya tangi la kompresa kila asubuhi, umwage maji. Utashangaa yanavyotoka.

Wingu likiwa jepesi, acha ikauke vizuri na ujaribu kompaundi. Likiwa limeingia ndani, ni msasa na klia mpya.

Mng'ao unaokufa ni hadithi nyingine. Gari linatoka Ijumaa likimeta, linaenda ruracio Jumamosi, picha zinapigwa, na Jumatano limefifia kama limepakwa unga. Thina iliyofungiwa chini, kwa besi nzito au puti mbichi, ilikuwa bado inatoka, na klia ikanywea nayo, hadi mikwaruzo ya msasa wa chini ikaanza kuonekana. Hapa mara nyingi kosa ni la mwenye gari aliyepiga simu mara kumi akiuliza "imeisha?". Ngoja wiki kadhaa mpaka iache kunywea, ndipo upige msasa 2000 na kompaundi. Ukiwahi, itafifia tena.

Vumbi

Gereji nyingi za jua kali ziko kando ya barabara, mathree zikipita na vumbi lao. Punje moja moja siyo janga, zinatoka kwa msasa 2000 na kompaundi. Piga asubuhi umande ukishakauka, kabla ya upepo wa mchana. Mwagia sakafu maji kidogo, siyo dimbwi, usije ukajitengenezea ule ukungu wa juu. Sweta ya sufi iache nje. Na yale magazeti ya zamani ya kufunikia madirisha yana nyuzi zake na thina hupenya, tafuta karatasi ngumu.

Kukunjamana: ugonjwa wa nganya

Ukipiga klia na uso ukakunjamana kama ngozi ya nyanya iliyochomwa, rangi ya chini imeshambuliwa. Ama ilikuwa NC au rangi ya mkebe wa kupuliza, ama haikuwa imekauka. Nganya zina hatari hii kuliko gari lolote, kwa sababu grafiti ni tabaka juu ya tabaka, rangi za aina tofauti, na mwenyewe anataka irudi rodi wikendi. 2K ina thina kali na inaingia kila ufa.

Kuna kipimo cha dakika mbili: lowesha kitambaa na thina, sugua rangi ya zamani mahali pasipoonekana. Rangi ikilainika au ikabaki kwa kitambaa, usipige 2K juu yake moja kwa moja. Itolewe, au izibwe kwa praima ya 2K ipigwe nyembamba nyembamba. Ikishakunjamana hakuna ujanja, kwangua mpaka chini. Msanii wa grafiti atalia, na ana haki.

Klia inayobanduka baada ya miezi

Hii ndiyo inaleta kesi, kwa sababu inakuja wakati fundi ashabadilisha namba ya simu. Klia inainuka kama ngozi iliyochomwa na jua, inaanzia kwa kingo, na presha ya kaosha inamalizia kazi. Kama chini ya ganda besi ni safi na laini, klia haikuwahi kushika: besi ilikaa muda mrefu kabla ya klia, au ilipigwa kavu na nzito. Besi nyingi hutaka klia siku hiyo hiyo, na zikipita saa 24 unakwaruza na kupiga mkono mwingine wa besi. Soma mkebe. Kama besi imechakaa na kuwa kama chaki, klia ilikuwa nyembamba mno na jua letu la ikweta limepita.

Usikubali kubandikiwa kiraka. Kingo za klia ya zamani zitaendelea kuinuka kando ya kiraka kipya, na miezi miwili mbele uko pale pale. Panelo nzima inapigwa msasa klia yote itoke, kisha besi na klia upya hadi mwisho wa panelo.

Kazi ikitoka fiti, nta ikae mbali na gari kwa karibu mwezi mzima, thina iliyobaki imalize kutoka. Kinyesi cha ndege kioshwe kwa maji siku hiyo hiyo. Na ukienda kaosha wiki za kwanza, mwambie kijana asogeze ile presha nyuma kidogo, na asiielekeze kwa kingo za panelo.